Shajara ya mradi: kutoka Moshi hadi usiku mmoja kwenye theluji ya Trondheim

12 Oktoba. Lengo na bajeti

Nimekulia Moshi. Asubuhi mawingu yakiachia, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa pale, nyeupe juu ya migomba, na kwa miaka yote hiyo theluji yake sikuwahi kuitia mkononi. Mjomba wangu ni mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, na kila akishuka alitusimulia habari za Kibo na kambi ya Barafu huko juu tukiwa tumemzunguka jikoni. Sasa niko Trondheim, Norwei, digrii 63 kaskazini mwa ikweta, kwa shahada ya uzamili ya miaka miwili. Huku theluji inakuja yenyewe mpaka mlangoni.

Waliotutangulia hapa wameniambia jambo ambalo halinitoki: majira yao ya kwanza ya baridi yaliishia kati ya bweni, maktaba na duka la chakula. Sitaki yangu yapite hivyo. Kwa hiyo lengo ni hili: kabla ya Machi kwisha, nitoke barabarani kwa skii, zile mbao za kuteleza juu ya theluji, nifike kwenye koie, nilale usiku mmoja na nirudi salama. Koie ni vibanda vya mbao vya klabu ya michezo ya wanafunzi wa chuo kikuu, zaidi ya 20, vilivyotawanyika misituni na milimani kuzunguka jiji. Hakuna umeme wala bomba. Kuna jiko la kuni, shoka na vitanda.

Bajeti ni krona 3,000 za Norwei. Kwa shilingi za Tanzania zidisha kwa mia mbili na kitu. Mwenzangu kwenye mradi ni dada mmoja kutoka Nakuru, tunayekaa naye ghorofa moja. Yeye alishajifunza skii kidogo mwaka jana. Mimi naanza sifuri.

26 Oktoba. Viatu visivyoingia kwenye skii

Nimenunua skii za mtumba kwa krona 300, zile nyembamba na ndefu za kupita msituni. Kwa muuzaji mwingine nikapata viatu kwa 200, namba yangu kabisa, vimetunzwa. Nimefika bwenini, nikaviweka juu ya skii, havishiki. Nimehangaika karibu saa nzima nikidhani kuna kitu sijakibonyeza.

Hakukuwa na cha kubonyeza. Kuna mifumo tofauti ya kushikia kiatu, na haiingiliani. Pindua soli uitazame: kama kuna mifereji miwili myembamba inayokwenda sambamba, huo ni mfumo wa NNN, kama mfereji ni mmoja mpana katikati, ni SNS, na kiatu cha zamani kina mdomo uliochomoza mbele kama wa bata, wenye matundu matatu. Skii zangu ni NNN, viatu vilikuwa SNS. Nimeviuza tena kwa 100, nikanunua vingine kwa 250, na fimbo kwa 50.

Hasara ni krona 100, lakini kilichoniuma zaidi ni kugundua wiki hiyohiyo kwamba kuna BUA, sehemu inayoazimisha vifaa vya michezo na matembezi bila malipo: skii, mabegi ya mgongoni, slipingi begi (mifuko ya kulalia), majiko. Unajiandikisha, unachukua, unarudisha. Anayefuata nyayo hizi aanzie pale. Anunue baada ya kujua anachohitaji.

9 Novemba. Barafu ya barabarani

Hatujaanza skii na tayari nimeumia. Mvua ilinyesha usiku juu ya ardhi iliyoganda, asubuhi njia yote ya kwenda chuoni ikawa kioo. Nimeanguka kwa nyonga, siku tatu nachechemea. Suluhisho lipo na kila bibi wa hapa analo: mpira wenye njumu za chuma unaovalishwa chini ya kiatu. Krona 180. Ningevinunua Oktoba.

30 Novemba. Jasho

Ingizo hili ndilo ningependa lisomwe kuliko yote.

Theluji imekaa. Tulipanda tramu ya Gråkallen kutoka katikati ya mji hadi kituo cha mwisho, Lian. Ni jambo zuri sana la mji huu: unashuka kwenye tramu, unavaa skii palepale, na msitu wa Bymarka unaanza. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 7 chini ya sifuri.

Nilivaa kama mtu anayeogopa baridi. Ndani fulana ya pamba, juu yake masweta mawili, jinzi, halafu koti kubwa la manyoya nililonunua kwa 650. Pale kituoni nilijisikia vizuri kabisa, joto kama kitandani. Kisha tukaanza kupanda kuelekea Skistua, nyumba ya mapumziko iliyo juu msituni. Anayejifunza skii anatumia nguvu mara tatu ya anayejua, maana kila hatua anapigana na kuteleza nyuma. Baada ya dakika ishirini jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni. Nikafungua zipu ya koti, nikaendelea. Sikutaka kumchelewesha dada.

Tukasimama kula mkate. Nadhani zilipita dakika tano tu. Mgongo ulianza kuwa baridi, kama mtu amenibandika kitambaa cha maji, halafu nikaanza kutetemeka na sikuweza kuzuia. Nilitaka kufunga zipu, vidole havikukubali. Dada akaifunga yeye, akanipa glovu zake za akiba, akasema, "Tunashuka sasa hivi, hatuketi tena." Kwenye tramu nilikuwa bado natetemeka.

Jioni nilimpigia mjomba. Baada ya shikamoo na marahaba nikamweleza. Hakuuliza habari ya koti.

"Ndani ulivaa nini?"

"Fulana, mjomba."

"Ya pamba?"

"Ya pamba."

Akanyamaza kidogo. "Unajua kwa nini tunamwambia mgeni pole pole? Watu wanadhani ni hewa haba ya juu tu. Hewa ni kweli, lakini na jasho. Mtu akifika Barafu amelowa, usiku ule haumwachi. Koti haliwezi kumsaidia, maana amejimwagia maji mwenyewe."

Nimeishi na mjomba huyu tangu utoto, na maneno hayo ya pole pole nimeyasikia mpaka kwenye nyimbo za watalii. Sikuwahi kujua kwamba ndani yake kuna habari ya kukaa mkavu.

Yaliyobadilika baada ya siku ile: pamba imetoka kabisa, pamoja na jinzi. Pamba hunywa jasho na kulishika, na maji huondoa joto mwilini haraka mno kuliko hewa. Sufu ikilowa kidogo bado inatunza joto. Nimenunua nguo za ndani za sufu, juu na chini, zilizotumika, kwa 350, na soksi pea mbili kwa 160. Lakini kubwa kuliko kununua ni namna ya kuondoka: sasa naanza safari nikihisi baridi kidogo. Nikipata joto navua safu moja kabla ya jasho. Koti kubwa linakaa begini na linatoka tunaposimama, sekunde ileile, kabla hata ya mkate.

21 Desemba. Siku fupi kuliko zote

Leo jua limechomoza saa nne asubuhi na kuzama saa nane na nusu mchana. Hata lilipokuwepo lilitambaa tu juu ya vilima vya kusini. Sitaficha kwamba wiki hizi ni nzito. Nimekuwa nikiamka bila kujua ni usiku au asubuhi. Kilichonisaidia ni kutoka nje kila siku mchana, hata nusu saa, wakati mwanga wa buluu umekaa juu ya theluji.

Jaribio la leo lilikuwa kutembea gizani kwa makusudi. Bymarka ina njia zenye nguzo za taa, lakini njia ya kwenda koie haina, kwa hiyo tulitoka kwenye taa na kufuata ramani ya simu. Simu ilikuwa na chaji asilimia 34, ikazimika ghafla. Dakika kumi baadaye taa yangu ya kichwani, ile ya bei rahisi niliyokuja nayo kutoka nyumbani, ikafifia. Tulirudi kwa taa ya dada, tukikanyaga nyayo zetu wenyewe. Hatukupotea, lakini theluji ingekuwa inaanguka, nyayo zisingekuwepo.

Suluhisho: simu inakaa mfuko wa ndani, karibu na mwili, na haitolewi ila kwa haja. Ramani ya karatasi kwenye mfuko wa plastiki. Taa mpya ya kichwani, 250, na betri za akiba pia mfuko wa ndani, kwa sababu baridi inazifisha hata zikiwa mpya.

18 Januari. Nta

Kwa wiki mbili nilidhani sijui skii. Kila mwinuko narudi nyuma, watoto wa miaka mitano wananipita. Kumbe skii zangu ni zile za kupakwa nta, na mimi nilikuwa sijapaka chochote.

Kwa atakayenunua za aina hii: sehemu ya katikati, chini ya kiatu, inapakwa nta ya kushika. Ukikanyaga, nta inauma theluji. Ukiachilia, skii inateleza. Nta zina rangi kulingana na nyuzi joto: buluu kwa theluji kavu ya chini ya sifuri, zambarau karibu na sifuri, nyekundu theluji inapolowa. Nilinunua buluu, zambarau na kizibo cha kusugulia, 190. Mara ya kwanza nikapaka nene kama siagi, skii zikabeba theluji kama viatu vya kisigino. Nikakwangua, nikapaka tabaka jembamba, nikasugua, nikarudia mara tatu. Siku hiyo nilipanda mwinuko wa Lian bila kurudi nyuma hata mara moja, na nikapiga kelele za furaha msituni peke yangu. Asiyetaka habari hii achukue skii zenye magamba au zenye ngozi chini. Hazihitaji nta ya kushika.

8 Februari. Usiku wa kwanza nje, umeshindikana

Kabla ya kwenda mbali tulitaka kulala karibu. Sheria ya 1957 ya maisha ya nje inampa kila mtu, hata mgeni, haki ya kutembea na kulala kwenye ardhi isiyolimwa, mradi hema liwe mita 150 au zaidi kutoka nyumba ya watu. Tulipiga hema Estenstadmarka, msitu wa mashariki mwa mji. Nyuzi 11 chini ya sifuri, hakuna upepo.

Tuliondoka nyumbani saa kumi na moja jioni, tukarudi saa tisa usiku. Mambo manne yalituangusha, na nayaandika kwa mpangilio wa kutokea kwake.

Gesi. Mtungi ulikuwa wa kiangazi, wenye butani nyingi. Butani inakaribia kuacha kugeuka mvuke ikifika sifuri, kwa hiyo mtungi ulikuwa umejaa na moto ukawa wa kibatari. Chakula tulikila kikiwa vuguvugu. Mtungi unaotakiwa ni wa baridi, wenye propani, na unakaa ndani ya koti mpaka wakati wa kupika. Kupika kunafanyika nje ya hema: moshi usioonekana wa jiko ndani ya hema lililofungwa unaua.

Maji. Saa tatu usiku mdomo wa chupa uliziba barafu. Mjomba alishaniambia niilaze chupa kichwa chini, kwa kuwa maji huanza kuganda juu, ukiigeuza mdomo unabaki wazi. Nilisikia, sikufanya.

Godoro. Niliazima slipingi begi nzuri ya baridi, nikailaza juu ya godoro la hewa la kiangazi. Slipingi begi ikilaliwa inabanwa, haizuii kitu upande wa chini. Baridi ilitoka ardhini ikanipanda mgongoni kama nimelalia saruji.

Pumzi. Uso ulipoanza kuuma niliingiza kichwa chote ndani na kupumua humo. Saa saba usiku kitambaa cha ndani kilikuwa kimelowa. Jasho lilelile la Novemba, safari hii kwa mlango mwingine.

Wanorwei wana kanuni tisa za mlimani, na ya nane inasema geuka mapema, kurudi si aibu. Nilipoisoma darasani ilikuwa rahisi. Usiku ule nilikuwa nimekaa na aibu yangu karibu saa nzima kabla dada hajasema, "Mimi naenda nyumbani, na sikuachi hapa." Tulitembea dakika hamsini mpaka bwenini. Namshukuru.

22 Februari. Marudio

Mahali palepale, nyuzi 9 chini. Godoro nene la sponji, 120, limewekwa chini ya lile la hewa. Mtungi wa baridi, 95. Chupa ya maji moto imevishwa soksi na kuwekwa miguuni ndani ya slipingi begi. Pua na mdomo nje, kofia ya sufu kichwani. Nguo zilizovaliwa mchana zimevuliwa zote, nimelala na sufu kavu. Nililala mpaka saa moja asubuhi.

15–16 Machi. Koie

Koie tuliyopata iko upande wa Selbu, kilomita saba kutoka tuliposhuka basi. Selbu ndiko zilikotoka zile glovu za sufu zisizotenganisha vidole, zenye ua la ncha nane, zinazofumwa tangu 1857. Nilizipata pea moja dukani kwa mitumba kwa 100. Vidole vikikaa pamoja vinapashana joto. Glovu za vidole nimeziacha.

Kabla ya kuondoka tuliangalia utabiri wa hali ya hewa kwenye tovuti ya Yr na hali ya maporomoko ya theluji kwenye ile ya Varsom, kisha tukamwachia jirani yetu Mnorwei karatasi: njia, saa ya kufika, saa ya kupiga simu.

Begi langu lilikuwa na kilo 13. Baada ya kilomita ya kwanza nilivua koti la katikati, nikabaki na sufu na kizuia upepo, na tulikwenda mwendo wa mazungumzo. Kila tukishindwa kuongea tulipunguza.

Ramani ilionyesha njia ya mkato juu ya ziwa. Barafu ya kubeba mtu inatakiwa iwe ngumu na ifike sentimita 10, na sisi hatukuwa na cha kuitobolea. Tukazunguka ukingoni. Dakika 40 zaidi, na upepo ukaanza.

Kilomita ya tano dada akanisimamisha. "Hebu geuka. Hapo shavuni pamekuwaje?" Sikuhisi chochote, na hapo ndipo penye hatari. Maelezo mengi tuliyopewa yanasema utafute doa jeupe. Kwenye ngozi yetu nyeusi halitokei hivyo: lilikuwa na rangi ya majivu, kama ngozi isiyopakwa mafuta, na ukiligusa ni gumu kidogo na lina ganzi. Akavua glovu, akanibandikia kiganja mpaka pakaanza kuuma, maana damu imerudi. Hatukusugua, kusugua kunaumiza ngozi iliyoganda. Tangu pale tulikaguana uso kila robo saa. Wanaotoka kwetu naomba mlishike hili, na msitoke peke yenu kwenye upepo.

Tulifika saa kumi jioni. Mlango ulikuwa nyuma ya theluji ya kufika kiunoni, koleo limetundikwa ukutani mahali pa wazi. Ndani kulikuwa nyuzi 8 chini ya sifuri. Kabla sijagusa kuni nilipitisha mkono mgongoni, chini ya fulana ya sufu. Mgongo ulikuwa mkavu.

Jiko lilichukua saa mbili kukifanya chumba kiwe cha kuvua koti. Maji ni ya theluji, na nayo ina namna yake: sufuria ya theluji tupu inaungua na maji yananuka moshi, kwa hiyo tia maji kidogo kwanza, kisha ongeza theluji taratibu. Sufuria iliyojaa theluji laini inaacha maji ya vidole viwili tu. Tulipika wali na maharage ya kopo, nikatia pilipili niliyoletewa kutoka Moshi. Usiku upepo ulipiga mpaka paa likaitika, halafu saa tisa ukakata. Nilitoka nje. Kimya kile sikukijua kabla, hata majani ya kusogea hayakuwepo.

Asubuhi tulipasua kuni za kuwaachia wanaofuata, ndiyo desturi, na tukaandika kwenye daftari la wageni. Nilipekua kurasa zake nikitafuta Kiswahili, sikukiona. Sasa kipo: tarehe, nyuzi joto, njia ya ziwani tuliyoikwepa, na kwamba koleo lina ufa kwenye mpini.

19 Machi. Gharama

Skii, fimbo na viatu, pamoja na hasara ya viatu vya kwanza: 700. Njumu 180. Koti 650. Sufu na soksi 510. Taa 250. Nta 190. Gesi 180, ukihesabu mtungi wa kiangazi wa 85 ambao haukutusaidia kitu. Sponji 120. Glovu 100. Basi, chakula na sehemu yangu ya kodi ya koie 430. Jumla ni krona 3,310, yaani 310 juu ya bajeti. Makosa ya viatu na gesi peke yake yamekula 185. Slipingi begi, hema, jiko na begi la mgongoni niliazima, hazikunigharimu kitu.

Mjomba ametumiwa picha. Ameuliza maswali mawili: kuni ni za mti gani, na chupa tuliilaza vipi. Ni za mbetula, mjomba. Na ilikuwa kichwa chini.

Skii ni za sentimita 200, viatu namba 43, mfumo wa NNN. Nikimaliza masomo mwakani nitamwachia mwanafunzi atakayevihitaji, pamoja na nta iliyobaki.